Bwawa Lenye Bata

Amalemba ni mtaa wa mji wa Kakamega, ila tabia za shamba hazijauhama. Mjini humu na katika vijiji vya jirani, penye bonde lenye udongo wa mfinyanzi ushikao maji, bwawa la samaki na banda la bata hukaa pamoja. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo maji ya kujaza bwawa yapo. Kazi ni kumpata mtu wa kulitazama kila siku, na hapo ndipo bata anapostahili heshima kuliko anayopewa.

Watu wa huku hawakuanza jana kufuga samaki. Miaka ya 1960 serikali ilihimiza wananchi wale samaki zaidi, na vidimbwi vingi vikachimbwa Magharibi mwa Kenya. Mwaka 2009 ukaja mpango wa kufufua uchumi: mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Huko Lutonyi, katika eneo bunge la Lurambi, kikajengwa kiwanda cha samaki. Leo mabwawa mengi ya wakati ule yameota matete. Wenyewe husema chakula cha samaki kilikuwa ghali, nao wanasema kweli. Mimi naona pia kwamba bwawa lenye samaki peke yao ni rahisi kusahaulika. Samaki akiwa na njaa haji mlangoni. Bata huja. Asubuhi lazima afunguliwe, jioni lazima afungiwe, na anayemfungulia bata hakosi kuyaona maji.

Kazi hiyo iko mikononi mwa akina mama na watoto, na sababu yake iko katika mila. Kuku, yaani ingokho, ndiye ndege wa heshima kwa Waluhya. Ndiye anayechinjiwa mgeni, na firigisi yake, imondo, ni ya baba mwenye boma. Zamani wanawake hawakuruhusiwa hata kuonja nyama yake. Bata alikuja baadaye. Hana kipande chenye mwenyewe, wala mzee hashtuki akisikia ameuzwa. Mama akipungukiwa na pesa za daftari au sare ya shule, humkamata bata akampeleka sokoni bila kuitisha kikao. Uhuru huo mdogo ni mkubwa sana ndani ya nyumba, na wanaohesabu faida ya bwawa kwa kilo za samaki tu huwa hawauoni.

Bata wengi wa huku ni wale wakubwa, weusi kwa weupe, wenye vinundu vyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika Kusini. Jike lao ni mwatamiaji hodari. Mayai yake huchukua siku 35, ya kuku siku 21. Basi akishaatamia siku 14, mama hodari humwongezea mayai machache ya kuku, na vifaranga wote hutoka pamoja.

Katika boma moja ninalolijua, bibi ndiye anayeamka kwanza. Kila mtu humwita kukhu. Hana haraka ya kufungua banda, kwa kuwa bata hutaga asubuhi mapema, na akitolewa kabla ya kutaga yai huishia majini. Huwaacha ndani mpaka kama saa tatu, yeye akashuka bwawani. Huinama ukingoni, akazamisha mkono wake taratibu. Maji yakifika kiwikoni na kiganja kisionekane tena, rangi ya kijani imetosha: kinyesi cha bata kimerutubisha ile mimea midogo ambayo ngege, yaani tilapia wa bwawani, hula. Kiganja kikionekana bado, bata wataachwa majini muda mrefu zaidi. Kikipotea mkono ukiwa ndio kwanza umeingia, bwawa limezidishiwa mbolea, na hatari yake huja usiku. Mimea ile ile huvuta hewa iliyomo majini gizani, na kufikia alfajiri samaki wanapungukiwa.

"Kukhu, samaki wamekuja juu!" mjukuu hupaza sauti siku kama hiyo.

"Wanafungua midomo?"

"Ndiyo, kukhu."

"Basi bata wasitoke leo. Mwite baba yako afungulie maji ya mfereji."

Chakula ni pumba za mahindi, makombo ya ugali, majani ya viazi vitamu, na vumbi la omena likipatikana. Bata hula wakitawanya, na kinachoanguka majini hakipotei. Wao wenyewe hujitafutia konokono na mabuu ya mbu kando ya matete. Lakini Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni baridi kuliko ya Ziwa Victoria. Ngege hupenda joto. Siku za mawingu ya Julai hupunguza kula, na pumba zikimwagwa kwa mazoea huoza chini na kuyachafua maji. Kwa hiyo kukhu hurusha konzi moja kwanza, akangoja kuona kama midomo inaifuata.

Maadui wapo: mwewe kwa vifaranga, kenge kwa mayai, mdiria kwa samaki wadogo, na mwizi wa usiku kwa vyote. Mbwa hufungwa karibu na banda.

Mavuno huja baada ya miezi sita hadi minane. Maji hufunguliwa kukiwa bado na baridi, vijana wakaingia kwenye tope na wavu, suruali zimekunjwa mapajani. Wachuuzi wanawake huwa wameshafika na beseni zao. Kabla ya kuuziana, jirani aliyesaidia kuchimba hutolewa samaki wake, na kambare mmoja mkubwa hubaki kwa ajili ya chungu cha nyumbani, aliwe na obusuma, yaani ugali, mchana huo huo. Wale wadogo wasiofaa kuuzwa ni wa watoto, ambao huwachoma papo hapo.

Tope la chini hubebwa kwa ndoo hadi kwenye sukuma wiki na nduma. Bwawa huachwa likauke juani, likanyunyiziwa chokaa, likajazwa upya. Vifaranga vya samaki vikiletwa, mfuko wao huachwa uelee juu ya maji kwa muda kabla ya kufunguliwa, ili joto la ndani na la nje lilingane. Majuma yanayofuata bata hawaruhusiwi kuingia, maana samaki asiyezidi kidole kwao ni chakula. Hukaa ndani ya ua wakinung'unika, na kuwapelekea maji ya kunywa na ya kuoga ni kazi ya watoto, kabla ya shule na baada ya shule.