Ustaafu ukibisha hodi, ujuzi wa kompyuta usifungiwe kabatini

Orodha ya wanafunzi wa madrasa yetu ilifungika ndani ya kompyuta. Kijana aliyekuwa akiitunza alihamia mkoa mwingine, neno la siri analijua yeye peke yake, na nakala ya akiba haikuwapo. Kamati ilikuwa imekwishaanza kukadiria gharama ya fundi wakati mzee mmoja wa safu ya kwanza aliponivuta pembeni baada ya Swala ya Isha. "Ustadh," alisema kwa sauti ya chini, "kazi hiyo ndiyo niliyoifanya ofisini miaka thelathini."

Jioni ya pili orodha ilifunguka. Nami nikaona aibu, kwani tumeswali pamoja miaka mingi na sikuwahi kumwuliza anafanya kazi gani.

Mzee huyu ana miaka 58. Atakapofikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma nchini Tanzania, binti yake wa mwisho atakuwa bado chuoni. Alikuwa akitafuta kazi ya muda kimya kimya, akiona haya kuuliza, kwa kudhani kwamba kompyuta sasa ni mambo ya vijana.

Haya ya namna hiyo haina msingi. Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri hakuuficha ujuzi wake. Aliomba asimamie hazina za nchi, akajitambulisha kwa sifa mbili: uhifadhi na ujuzi. Kijana anaweza kuwa na ujuzi mpya kuliko mzee, lakini uhifadhi uliothibitishwa kwa miaka thelathini haupatikani kwa mafunzo ya wiki sita.

Wapo wanaouhitaji. Shule za binafsi, zahanati na wafanyabiashara wa jumla wengi hawawezi kumwajiri mtaalamu wa kudumu, lakini humhitaji mtu wa siku mbili kwa wiki: aweke nakala za akiba, atunze mtandao, awafundishe makarani. Kazi hizi mara nyingi hazitangazwi. Humfikia anayejulikana.

Basi anayekaribia kustaafu aanze mapema, akiwa bado kazini. Aandike wasifu wa ukurasa mmoja unaoeleza matatizo aliyoyatatua, si vyeo alivyoshika. Amwombe mwajiri ruhusa, wala asitumie saa na vifaa vya ofisi kwa kazi ya nje, maana hiyo ni amana. Ajiepushe na mifumo ya riba na kamari. Anayemdai fedha kwanza ndipo ampe kazi, huyo ni tapeli. Na kiinua mgongo asikimalizie kwenye duka la kompyuta kabla hajapata wateja.

Mapatano yaandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni, na Nabii Musa (A.S.) kule Madyan aliwekewa muda wa wazi: miaka minane, na kumi ikiwa kwa hiari yake. Zitajwe siku, saa za swala, ujira, na nani atapokea simu mashine zikizima usiku.

Hapo nasi wa misikitini tujisahihishe. Fundi wa nje tunamlipa papo hapo, lakini mwenzetu tunamwambia afanye fii sabilillah. Mzee wetu mwenyewe alitaka kufanya bure. Kamati ilikataa. Mwajiri wake amemruhusu, naye sasa anakuja jioni mbili kwa wiki kwa ujira ulioandikwa, na vijana wawili wanajifunza kwake ili neno la siri lisibaki tena kifuani mwa mtu mmoja.

Enyi wake na watoto, msiwahi kumwambia baba, "Sasa pumzika." Mwulizeni kwanza anaweza nini, na angependa nini.

Allah (S.W.) awajaalie wazee wetu riziki ya halali na afya njema. Amin.