Tovuti Yetu Inaonekana? Mambo ya Msingi kwa Wenye Tovuti

Mwaka uliopita tulipokea malalamiko ya mama mmoja aliyekuwa amehamia mjini pamoja na familia yake. Jumamosi jioni alishika simu, akaandika "ratiba ya misa" pamoja na jina la mtaa alikopanga nyumba, na tovuti yetu ikajitokeza. Alisoma saa, akawaandaa watoto, na asubuhi iliyofuata akafika kanisani wakati waamini wanatawanyika. Ratiba aliyoisoma ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Ratiba sahihi ilikuwamo humo humo katika tovuti, lakini tulikuwa tumeiweka kama picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa kwa maneno. Injini ya utafutaji iliyasoma maneno, ikaipita picha.

Kosa hilo lilikuwa letu, nalo lilitulazimu kujifunza jambo ambalo hatukuwa tumelitilia maanani: namna ya kuiandaa tovuti ili mwenye haja aipate, na akiipata asipotoshwe. Tunawashirikisha hapa tuliyojifunza ninyi nyote wenye tovuti au mnaofikiria kufungua: parokia, shule, zahanati, vyama vya kuweka na kukopa, na waamini wenye biashara ndogondogo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Injini ya utafutaji, kama vile Google, ni mjumbe kati ya anayetafuta na sisi. Kabla ya kuilaumu, yafaa tuangalie ni ujumbe gani tuliokuwa tumeikabidhi.

Injini ya utafutaji hufanyaje kazi?

Wengi hudhani kwamba mtu anapoandika neno katika simu yake, injini huanza papo hapo kuzunguka duniani kutafuta jibu. Sivyo. Kazi kubwa hufanyika kabla, kwa hatua tatu.

Kwanza, programu maalumu hupita usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine zikifuata viungo. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote ni kama nyumba isiyo na njia. Waweza kuwa mzuri sana na usipate mgeni hata mmoja. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha neno fulani linapatikana ukurasa gani. Tatu, mtu anapouliza, injini hutazama katika faharasa hiyo na kuzipanga kurasa kwa kadiri inavyoona zinajibu swali lake.

Swali gumu ni lile la kupanga. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha Google kwa msingi wa wazo moja: ukurasa unaotajwa kwa viungo kutoka kurasa nyingine una uzito, na kiungo kinachotoka katika ukurasa wenye uzito kina thamani kuliko kile kinachotoka katika ukurasa usiojulikana. Leo vigezo vimekuwa vingi, wala kampuni haivitangazi vyote. Hata hivyo misingi ile ingali hai: ukurasa uweze kufikiwa, maneno yake yasomeke, na wengine wautambue.

Kuna jaribio jepesi ambalo kila mwenye tovuti aweza kulifanya leo. Katika kisanduku cha Google, andika site: na mara moja, bila kuacha nafasi, andika jina la tovuti yako. Zitatokea kurasa zako zinazofahamika. Pasipotokea hata moja, huenda tovuti ni mpya mno, au fundi aliyeijenga aliifungia injini mlango wakati wa majaribio, kisha akasahau kuufungua. Hilo la pili hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani, na dawa yake ni kubadili mpangilio mmoja tu.

Maneno ya anayetafuta

Ofisi zetu hupenda lugha ya ofisi. Zahanati huandika "huduma za afya ya uzazi na mtoto", ilhali mama anayeihitaji huandika "kliniki ya wajawazito karibu nami". Parokia huandika "maandalizi ya Sakramenti ya Ndoa", ilhali vijana wawili wenye wasiwasi huandika "kufunga ndoa kanisani kunahitaji nini". Lugha ya ofisi haina kosa, lakini ikikaa peke yake, wanaouliza kwa lugha ya nyumbani hawatufikii.

Njia ya kuyapata maneno hayo haihitaji fedha. Mwulize katibu wa parokia, mhudumu wa mapokezi au muuza duka: watu wakipiga simu, huuliza nini, na kwa maneno gani? Orodha ya maswali kumi kutoka kwake ina thamani kuliko ushauri mwingi wa kununua. Kila swali linalojirudia linastahili jibu lililoandikwa kikamilifu katika tovuti: ada ni kiasi gani, nyaraka zipi zinahitajika, ofisi inafunguliwa saa ngapi, mgeni ashuke kituo gani cha daladala.

Hapa tunatoa angalizo. Wapo wanaorudiarudia neno moja mara ishirini katika ukurasa, au kulificha kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, wakidhani wataihadaa injini. Hila hizo ni za kale na siku hizi huiponza tovuti. Zamani palikuwa na sehemu iliyofichika katika ukurasa ambamo mwenye tovuti alijaza maneno muhimu. Mwaka 2009 Google ilitamka wazi kwamba haitumii sehemu hiyo katika kupanga matokeo. Anayekudai malipo kwa kuijaza anakuuzia hewa.

Kichwa, maelezo na picha

Kila ukurasa una kichwa chake, kile kinachoonekana kama mstari mkubwa katika orodha ya matokeo. Tovuti nyingi zimeacha hapo neno "Mwanzo" au "Karibu". Neno hilo halimwambii msomaji kitu, na injini nayo haipati kitu. Linganisha na hili: "Chuo cha ushonaji na useremala, Songea: kozi, ada na namna ya kujiunga". Kwa mstari mmoja anayetafuta anajua kama amefika. Kila ukurasa uwe na kichwa chake chenyewe, kifupi na cha kweli. Chini ya kichwa hutokea maelezo mafupi; tunaweza kuyaandika sisi, ingawa injini huweza kuchagua sentensi nyingine kutoka ndani ya ukurasa ikiona zinafaa zaidi.

Kuhusu picha, kanuni tuliyojiwekea baada ya tukio lile ni hii: tangazo lolote linalowekwa kama picha lazima pia liandikwe kwa maneno chini yake. Aidha, kila picha ipewe maelezo mafupi katika nafasi iliyotengwa kwa kazi hiyo, yakisema inaonyesha nini. Maelezo hayo huisaidia injini, lakini kabla ya injini huwasaidia ndugu zetu wasioona, ambao simu zao huwasomea ukurasa kwa sauti. Picha isiyo na maelezo kwao ni kimya.

Jambo jingine ni kurasa za zamani. Tulikuwa na desturi ya kufungua ukurasa mpya wa ratiba kila mwaka na kuuacha wa awali ukining'inia. Sasa ratiba ina ukurasa mmoja tu, wenye anwani ile ile daima, na mabadiliko hufanywa humo humo huku tarehe ya marekebisho ikionekana juu. Kwa njia hiyo viungo vilivyokwisha kusambaa havivunjiki, na hakuna tena ratiba mbili zinazoshindana. Kanuni hiyo yafaa pia kwa bei za bidhaa, ada za shule na saa za kliniki.

Tovuti isomeke katika simu

Wengi wa wasomaji wetu hutumia simu, na hununua vifurushi vidogo vya intaneti. Mwezi Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri katika simu pale mtu anapotafuta kwa simu, na baadaye ikafanya sura ya simu kuwa ndiyo inayosomwa kwanza kwa ajili ya faharasa. Basi fungua tovuti yako kwa simu ya kawaida, mahali penye mtandao hafifu. Maandishi yanasomeka bila kuyavuta kwa vidole? Namba ya simu ikiguswa inapiga? Picha iliyopigwa kwa simu huweza kuwa na megabaiti kadhaa. Ipunguzwe kabla ya kuwekwa, kwa maana kila picha nzito inakula fedha za msomaji.

Hakikisha pia anwani ya tovuti inaanza na https, alama kwamba mawasiliano kati ya msomaji na tovuti yamefungwa yasichunguliwe njiani. Tangu mwaka 2014 Google imelihesabu jambo hilo miongoni mwa vigezo vyake, ingawa kwa uzito mdogo. Cheti kinachohitajika hupatikana bila malipo, hivyo hakuna sababu ya kukosa.

Viungo vya majirani

Tumeona kwamba kiungo ni namna ya kutambuliwa. Shule iliyo chini ya shirika la watawa iombe tovuti ya shirika iitaje kwa kiungo; mfanyabiashara aombe chama anachoshiriki kifanye vivyo hivyo. Viungo vichache kutoka kwa wanaotufahamu kweli vinatosha kuanzia. Kununua viungo kwa mamia ni hatari: mwaka 2012 Google ilifanya mabadiliko makubwa yaliyozishusha tovuti za namna hiyo.

Tukumbuke pia kwamba ujumbe uliotumwa katika kundi la WhatsApp hausomwi na injini za utafutaji. Unawafikia waliomo, lakini mgeni aliyewasili jana hauoni. Kwa sababu hiyo tangazo lianze katika tovuti, kisha kiungo chake kipelekwe katika makundi. Zaidi ya hayo, Google huruhusu biashara na taasisi kujiandikisha bila malipo katika ramani yake, kwa jina, mahali, simu na saa za kazi. Kwa anayetafuta huduma ya karibu, mara nyingi hicho ndicho kitu cha kwanza kukiona.

Wanaouza nafasi ya kwanza

Kikundi kimoja cha akina mama wafumaji tunachokifahamu kiliahidiwa na mtu aliyejiita mtaalamu kwamba kingekuwa wa kwanza katika Google ndani ya mwezi mmoja. Walichanga, wakalipa. Mwezi ulipokwisha akawaonyesha: kweli walikuwa wa kwanza, lakini kwa kuandika jina kamili la kikundi chao, jina ambalo hakuna mwingine duniani anayelitumia. Aliyeandika "vikapu vya ukindu" hakuwaona popote. Fedha ile ilikuwa ya kununulia ukindu na rangi.

Google yenyewe inaonya kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei fedha ili kuupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama yake. Mtaalamu mwaminifu atakueleza atakachobadilisha, kwa nini, na atakubali kwamba matokeo huchukua muda.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi na haisemwi sana. Jina la tovuti halinunuliwi milele. Hukodishwa, na kodi isipolipwa mtu mwingine huweza kulichukua. Kwa kuwa jina hilo limekwisha kutajwa na tovuti nyingi zinazoheshimika, wapo wanaolivizia ili walijaze michezo ya kamari au mambo ya aibu, wakipanda juu ya heshima iliyojengwa na wengine. Tatizo hilo limeenea kiasi kwamba mwezi Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mahususi dhidi yake. Hebu fikiria mzazi anayebofya kiungo cha shule ya mwanawe na kukutana na kamari. Kwa hiyo jina lisajiliwe kwa taasisi yenyewe na kwa barua pepe ya ofisi. Mara nyingi husajiliwa kwa jina la kijana aliyejitolea, naye kesho atahamia chuoni. Tarehe ya kulipia iandikwe katika kalenda ya ofisi pamoja na kodi nyingine.

Tuanzie wapi?

Wiki hii, fanya jaribio lile la kwanza na uangalie kurasa zako zipi zinafahamika. Futa au rekebisha zilizopitwa na wakati. Andika kwa maneno kila tangazo muhimu lililo katika picha. Badilisha vichwa visivyosema kitu. Ulizia jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na linaisha lini. Kisha jiandikishe katika huduma ya bure iitwayo Google Search Console, ambayo humwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyatumia hadi kumfikia, na kurasa zenye kasoro. Usikate tamaa usipoona badiliko upesi: mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi, na yafaa kungoja walau wiki kadhaa kabla ya kupima.

Sisi tulimwomba radhi mama yule, tukaiondoa ratiba ya zamani na kuiandika mpya kwa maneno. Tumemteua pia mtu mmoja ambaye kila Ijumaa huusoma ukurasa huo akiwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo, akilinganisha saa kwa saa. Kazi hiyo humchukua dakika tano, na tangu ianze hatujapokea tena malalamiko ya mtu aliyefika saa isiyo yake.