JANA ULIKULA KWA NANI?
Habari ya kibanda cha safari tulichokijenga wenyewe, na somo lililomo ndani yake



Nilipopewa mara ya kwanza kazi ya kuzunguka mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, nilifanya kosa ambalo waratibu wengi tumelifanya. Kutoka Kampala mpaka Fort Portal ni karibu kilomita 300, na mashamba yenyewe yako mbali na barabara kuu. Nilifika jioni, nimechoka, mvua inanyesha. Meneja akanikaribisha nilale katika nyumba ya wageni ya kampuni. Nikapewa supu, maji ya moto na kitanda chenye chandarua. Asubuhi nilipokwenda kambini kwa wachumaji, mama mmoja akasimama akaniuliza mbele ya watu wote: "Bwana wa chama, jana ulikula kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na mkutano ule haukufika mbali.

Baada ya hapo nikawa nalala hotelini mjini. Lakini hoteli inakula ada za wanachama. Tena mchumaji anapatikana usiku, au alfajiri kabla hajaenda shambani, na saa hizo mtu wa hoteli bado yuko mjini. Ndipo kamati yetu ya tawi ikaamua kujenga kibanda cha kulala juu ya pikapu ya chama, ili mratibu alale palepale walipo wafanyakazi, asiwe mgeni wa tajiri. Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani watu wengi hupandisha nyumba ndogo juu ya pikapu na kusafiri maelfu ya kilomita, na wengine hujijengea kwa mikono yao.

KWA NINI FAIBAGLASI

Tulifikiria bati na vyuma, lakini vyuma ni vizito, bati linachemka mchana na linapiga kelele njia nzima. Mbao tupu hazivumilii mvua za milimani. Faibaglasi ni nyepesi, haina kutu, na ikipasuka unaitengeneza mwenyewe. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikalowekwa katika rezini, yaani utomvu wa kiwandani unaoganda ukichanganywa na dawa yake. Mitumbwi na matangi mengi ya maji yanatengenezwa hivyo. Katika tawi letu alikuwapo kijana mmoja aliyefanya kazi miaka minne katika karakana ya matangi, tukampa kazi ile.

Tulipima nyuma ya gari tukachora kibanda cha urefu wa mita 2.2, upana mita 1.5 na kimo mita 1.4. Tulisimamisha fremu ya mbao nyepesi, tukaivika plaiwudi ya milimita 6. Kona zote tulizipiga msasa mpaka zikawa za mviringo, maana mkeka wa nyuzi haukubali kukunjwa kwenye kona kali. Unanyanyuka na kuacha hewa chini yake, na penye hewa ndipo patakapopasuka.

Eneo lote lilikuwa karibu mita za mraba 14. Mkeka tuliotumia ni ule wa gramu 450 kwa mita moja ya mraba, na kila mita ilikunywa rezini kama kilo moja. Tuliweka tabaka mbili kila mahali na tatu kwenye kona. Pamoja na tabaka la juu, rezini ilifika kilo 40. Kwa joto letu tulitia mililita 10 za dawa ya kugandisha katika kila kilo, tukipima kwa bomba la sindano. Ukizidisha, rezini inaganda ndoo nzima kabla hujapaka, inapata moto na kutoa moshi. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kiasi unachoweza kukimaliza kwa dakika chache.

Nje tulipaka rangi nyeupe ili jua lisitupike. Tuliweka madirisha mawili yanayotazamana na tundu la hewa juu. Mizigo mizito tuliiweka chini, kwa sababu gari lenye uzito juu huyumba kwenye kona. Kibanda kimefungwa kwa bolti na raba chini yake. Watu sita wanakishusha, na pikapu inarudi kubeba mizigo.

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza lilitugharimu fedha. Tulitaka kuzuia joto darini, tukabandika lile povu jeupe gumu wanalofungia televisheni, tukapaka rezini juu yake. Kabla ya dakika kumi povu lilikuwa limeyeyuka kama sukari katika chai. Rezini ya aina hii inakula povu lile. Tulikwangua, tukaanza upya.

Kosa la pili lingetugharimu mtu.

Siku ya kupaka ndani mawingu yalikuwa mazito, na sisi wa kamati tukaogopa mvua itaharibu kazi. Tukamwambia fundi afunge mlango na madirisha, aendelee. Alikuwa na kitambaa tu mdomoni. Baada ya saa moja hivi tukaona kimya. Tulipofungua tulimkuta amekaa sakafuni, macho mekundu, maneno yanamponyoka kama mlevi. Tulimvuta nje, akatapika. Mtu mmoja akakimbia kuleta maziwa.

Alipopata nafuu nilimwuliza kama jambo hili limewahi kumpata. Akasema, "Mzee, ndiyo kazi yenyewe. Kule kwenye matangi tuliingia ndani kila siku. Kichwa kikiuma tunakunywa maziwa, tunarudi."

Ndugu zangu, maziwa hayaondoi mvuke mapafuni wala katika damu. Kinachotoka kwenye rezini ni mvuke wa kitu kinachoitwa staireni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatuama chini, ndani ya tangi, ndani ya mtumbwi, ndani ya kibanda kilichofungwa. Unaumiza kichwa, unalevya, unadhuru mishipa ya fahamu kwa mtu anayeuvuta miaka mingi. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka staireni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinamletea binadamu saratani. Kijana yule alivuta mvuke huo miaka minne akidhani ni desturi ya kazi.

Lakini jambo lililoninyima usingizi usiku ule ni jingine. Siku ile tajiri alikuwa nani? Ni sisi. Ni sisi tuliosema mlango ufungwe. Ni sisi tuliohesabu fedha za plaiwudi na rezini tusihesabu fedha za kinyago. Tulifanya lile tunalowalaumu wengine kila siku, na tulilifanya kwa jina la chama. Kesho yake kamati ilikaa, ikamwomba fundi radhi, ikamlipa siku alizopumzika, na kazi ikasimama mpaka vifaa vilipopatikana.

YA KUSHIKA

Anayetaka kujenga kibanda kama hiki, na anayefanya kazi ya faibaglasi kiwandani, ashike haya:

1. Fanya kazi mahali pa wazi. Ikibidi kuingia ndani, pawe na feni inayotoa hewa chafu kutoka chini, na mtu wa pili akiwa nje anakutazama.

2. Kitambaa au kinyago cha vumbi hakizuii mvuke. Kinachofaa ni kinyago chenye vichujio vya mkaa maalumu, navyo hubadilishwa.

3. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi. Likitokea, osha jicho kwa maji safi mengi papo hapo, dakika zisizopungua 15, ndipo uende hospitali.

4. Rezini nyingine huja na dawa ya pili ya kuharakisha. Dawa hizo mbili usizichanganye peke yake kamwe, zinalipuka.

5. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu. Mvuke unashika moto.

6. Unapopiga msasa, vaa mikono mirefu, glavu, miwani na kinyago cha vumbi. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

7. Kibanda kikiisha, usilale na jiko la mkaa ndani hata kama baridi ni kali. Gesi yake haina harufu, na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Haki zako pia uzijue. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kuambiwa kemikali anazozishika ni zipi na zina hatari gani. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamdai mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Vifaa hivyo si zawadi ya sikukuu.

Safari ya kwanza tulisimama kando ya kambi ileile ya wachumaji. Nilipika chakula changu nje, na usiku watu wakaja na taa mmoja mmoja. Mama yule alizunguka gari akagonga ukuta wa kibanda kwa kidole, akacheka, akaingia kuketi. Tuliongea mpaka saa sita.

Na fundi wetu? Alirudi kuwatembelea wenzake wa karakana ya matangi, safari hii akiwa na orodha hiyo hapo juu. Wakaja wanane, wakaketi ndani ya kibanda kilekile alichoangukia, wakaandika madai yao. Feni imekwisha wekwa. Vinyago bado tunavidai.

Umoja ni nguvu.