Ishara na Urithi katika Nembo ya Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza

Makala haya yanachunguza maana za kiishara katika nembo ya Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Nembo hiyo ina kichwa cha springboki, swala wa nyika kavu za kusini mwa Afrika, na kaulimbiu ya Kiafrikana, 'N Wagter in die Lug, yaani mlinzi angani. Ishara zote mbili zinatokana na waasisi wa kikosi hicho, kilichoundwa Uingereza mwaka 1915 kwa askari waliotoka Afrika Kusini. Hata hivyo, vita vyake vya kwanza havikupiganwa huko. Mwaka 1916 kikosi kilishuka Mombasa, kikawa jicho la majeshi ya Uingereza yaliyomsaka von Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, hadi kilipoondoka mapema mwaka 1918.

Hapo ndipo nembo inapodai usomaji wa pili. Springboki hapatikani katika ardhi hiyo. Waliopo ni jamaa zake, swala tomi na swala granti. Nembo, basi, inahifadhi walikotoka waasisi na kunyamazia walikopigana, pamoja na wapagazi Waafrika waliobeba chakula na risasi za majeshi hayo, wengi wao wakafia njiani. Kumbukumbu ya wapagazi hao imebaki katika lugha: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi ni matamshi ya wenyeji ya jina la kikosi chao, Carrier Corps.