Sayari Abol: haijaonekana kwa jicho, ushahidi wake upo

Kahawa ya arabika, zao linalosomesha watoto wa Mbinga na Kingerikiti, ina jina lake angani. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipotimiza miaka 100, zaidi ya nchi 100 zilipewa kila moja nyota na sayari yake ili zizipe majina. Ethiopia, chimbuko la kahawa hiyo, iliiita nyota HD 16175 Buna, yaani kahawa, na sayari inayoizunguka ikaiita Abol, jina la duru ya kwanza ya kahawa anayoandaliwa mgeni. Buna iko umbali wa karibu miaka 200 ya nuru. Uzito wa Abol ni angalau mara 4 ya ule wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka Jua letu, nayo huizunguka nyota yake kwa siku 990 hivi. Picha yake haipo. Hata hivyo nashikilia kwamba tuna haki ya kusema Abol ipo, kwa sababu kipimo kinachorudiwa na kuhojiwa ni ushahidi kamili kama ulivyo ushahidi wa macho.

Nyota huivuta sayari, na sayari nayo huivuta nyota. Kwa hiyo Buna huyumba, ikitusogelea na kurudi nyuma kwa kasi inayofikia karibu mita 100 kwa sekunde. Inaposogea kwetu nuru yake huelekea kidogo kwenye rangi ya buluu, na inaporudi nyuma huelekea kwenye nyekundu. Anayesimama usiku ufukweni Mbamba Bay haoni mawimbi ya mbali, lakini akiona taa ya mvuvi wa dagaa ikipanda na kushuka anajua mawimbi yapo na anakadiria ukubwa wake.

Mwenye shaka atauliza: je, si madoa ya nyota yenyewe yanayodanganya vipimo? Swali hilo ni la haki. Lakini madoa huja na kutoweka, na hufuata mzunguko wa nyota kwenye mhimili wake, ilhali myumbo wa Buna hujirudia kwa umbo lilelile kila baada ya karibu miaka 3. Sayari hiyo ilitangazwa mwaka 2009 kwa vipimo vya Marekani. Mwaka 2016 watafiti wengine, wakitumia darubini ya Ufaransa, waliikuta tena na kurekebisha vipimo vya mzunguko wake. Neno “angalau” katika uzito wake nalo ni uaminifu: kupima myumbo peke yake hakuonyeshi mzunguko wa sayari umeinama kiasi gani.

Wengine watasema elimu hii haimsaidii mkulima. Kanuni iliyoifichua Abol, kwamba mwendo hubadili mawimbi yanayotufikia, ilitolewa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria, akitafuta maelezo ya rangi za nyota. Kuhusu rangi hizo alikosea, lakini kanuni yenyewe ilisimama. Leo ndiyo inayotumika katika kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na katika ultrasound inayopima mwendo wa damu moyoni. Doppler hakuwa akimfikiria mjamzito, lakini mjamzito amefaidika. Basi mzazi na mwalimu, mtoto akikuuliza habari za nyota usimwambie anapoteza muda. Mtafutie kitabu cha fizikia.