Karatasi zilizopita Ujiji, na zile zilizomo sandukuni mwako

Katikati ya mwaka 1871 David Livingstone, yule Mskoti ambaye makumbusho yake yapo Ujiji, aliishiwa madaftari na wino. Alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Akachukua gazeti kuukuu la Uingereza, akaligeuza ubavu, akaandika habari zake juu ya maandishi yaliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa rangi ya mmea wa huko, waliyotumia wenyeji kutia nguo rangi.

Karatasi hizo zipo hadi leo, zimehifadhiwa Blantyre, Scotland, alikozaliwa. Lakini wino ulififia, na kwa zaidi ya miaka 100 hazikusomeka vizuri. Watu walitegemea kitabu kilichochapwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake. Hapo ndipo penye kasoro. Livingstone mwenyewe alinakili habari zile upya kwenye daftari lingine, akabadilisha na kupunguza. Kisha mhariri wa kitabu naye akapunguza tena.

Mambo yenyewe hayakuwa madogo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwamiminia risasi waliokuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. Mamia walikufa. Livingstone akarudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta mwaka huohuo. Habari zake zilipofika Uingereza ziliongeza msukumo uliomfanya Sultani Barghash akubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Miaka 140 baadaye, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha karatasi zile kwa mwanga wa aina mbalimbali, pamoja na ule ambao jicho halioni. Wino wa mmea na wino wa gazeti havipokei mwanga kwa namna moja. Kompyuta ikalinganisha picha hizo, ikafifisha gazeti na kuutokeza mwandiko. Novemba 2011 kurasa ziliwekwa kwenye intaneti, bure. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo kitabu kiliyapunguza, hasa ukatili wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe. Watafiti wakauliza kama nao walishiriki siku ile ya soko. Swali hilo lisingeulizwa kama mtu angesema, "kitabu kipo, karatasi hizi za nini?"

Sisi wa Kasulu na Kibondo pia tumo kwenye makaratasi ya namna hiyo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inatunza majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Yapo pia madaftari ya wilaya ya wakati wa Mwingereza, ambamo maofisa waliandika habari za mwami, koo, mila na mipaka. Yasome kwa tahadhari: waliyaandika wageni, mara nyingi kwa maneno ya mkalimani, na mzee aliyehojiwa huenda alikuwa na shamba lake la kulinda. Hata hivyo, mgogoro wa mpaka ukizuka, mstari uliochorwa zamani una uzito wake. Kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa wananchi zikifikisha miaka 30.

Zipo nyingine ambazo Dar es Salaam haina. Maelfu ya vijana wa Buha walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, wakaitwa manamba. Walirudi na vipande vya kazi, na wengine waliandika barua nyumbani. Huenda Rungwe Mpya kuna sanduku lenye kipande cha babu, stakabadhi ya kodi au kadi ya TANU. Serikali iliandika hesabu ya manamba. Barua ndiyo inayoeleza kwa nini huyu hakurudi.

Adui wa karatasi hizo ni mchwa, unyevu, moshi na jua. Usiziweke darini juu ya jiko. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, kisha kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Zikilowa, zianike kivulini. Usizibandike selotepu, gundi yake hula karatasi, wala usizipeleke kulaminishwa, maana plastiki ile haivuliki tena. Piga picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, mbele na nyuma, umtumie ndugu aliye mbali.

Na muulize bibi majina ya watu waliotajwa humo. Yaandike kwa penseli kwenye karatasi nyingine, uiweke pamoja nazo.