LENZI ISIYOPATANA NA KAMERA NI MZIGO MTUPU

Kila askari aliyepitia mafunzo ya silaha anafahamu kwamba risasi ya bunduki ya AK-47 na ile ya bunduki ya G3 zote huitwa za milimita 7.62, wala hakuna mwenye akili timamu anayetia moja mahali pa nyingine. Ganda la ile ya kwanza lina urefu wa milimita 39, na la ile ya pili milimita 51. Kipimo kinachotajwa ni kimoja, lakini chemba hazipatani. Ndivyo ilivyo pia kwa kamera na lenzi zake, ingawa jambo hili halitiliwi maanani ipasavyo.

Siku hizi kamera ni zana ya kazi. Picha iliyopigwa mahali pa ajali au palipovunjwa duka yaweza kumtia mtu hatiani, na yaweza vile vile kumwokoa asiye na kosa. Kwa sababu hiyo wengi hutamani lenzi ya zumu, yaani ile izungushwayo ili kitu cha mbali kivutwe karibu pasipo mpiga picha kusogea hatua moja. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za picha za kawaida za milimita 35 ilitolewa mwaka 1959 na kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani. Iliitwa Zoomar, nayo ilivuta kutoka milimita 36 hadi 82. Tangu hapo zimetengenezwa za kila aina, na ndipo ulipoanza mkanganyo.

JINA HALITOSHI

Jambo la kwanza la kuchunguza ni mdomo wa kamera, pale lenzi inapopachikwa. Mtu asiridhike kwa kuona jina la kampuni ni moja. Mwaka 1987 Canon walileta mdomo mpya uitwao EF, na lenzi zao za zamani za FD hazikuweza tena kupachikwa moja kwa moja. Mwaka 2003 zikaja lenzi za EF-S kwa ajili ya kamera zenye sensa ndogo. Lenzi ya EF hutambulikana kwa nukta nyekundu, na ya EF-S kwa mraba mweupe. Kamera yenye alama zote mbili hupokea lenzi zote mbili. Yenye nukta nyekundu peke yake haipokei EF-S. Kisha mwaka 2018 ukaja mdomo wa RF, ambao lenzi zake haziingii kabisa katika kamera za EF.

Nao Nikon wameshika mdomo wao wa F tangu mwaka 1959, na hapo mtego ni wa namna nyingine: lenzi yaweza kuingia vizuri na bado isifanye kazi yote. Kamera ndogo kama D3500 na D5600 hazina mota ya kusogeza vioo vya lenzi. Lenzi ya AF ya zamani isiyo na mota yake haitalenga yenyewe katika kamera hizo. Askari atalazimika kulenga kwa mkono, na huku gari analolipiga picha linatoweka. Atafute lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P, lakini akumbuke kwamba AF-P hazifanyi kazi katika baadhi ya kamera za zamani. Aidha, lenzi zilizotengenezwa kabla ya 1977 na ambazo hazikurekebishwa zaweza kuvunja kijiti kidogo kilichoko mdomoni mwa baadhi ya kamera zilizokuja baadaye.

Wapo pia watengenezaji kama Sigma na Tamron, ambao hutoa lenzi moja kwa midomo mbalimbali. Hapo lililo muhimu ni kusoma juu ya kasha imetengenezwa kwa kamera ipi.

UKUBWA WA SENSA NA PETE ZA KUUNGANISHIA

Jambo la pili ni sensa, ambayo katika kamera za leo imechukua nafasi ya filamu. Sensa kubwa ni milimita 24 kwa 36. Ile ndogo ya Nikon iitwayo DX ni yapata milimita 16 kwa 24. Lenzi ya DX ikipachikwa kwenye kamera ya kidijitali ya Nikon yenye sensa kubwa, kamera kwa kawaida hukata kingo za picha, na nukta zinazobaki huwa chini ya nusu. Namba ya gari iliyo mbali, ikikuzwa, yaweza isisomeke.

Jambo la tatu ni pete za kuunganishia, yaani adapta. Kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, kamera ya Nikon F ina milimita 46.5, na ya Canon EF ina 44. Kwa hiyo lenzi ya Nikon yaweza kupachikwa kwenye Canon kwa pete nyembamba. Lakini lenzi ya Canon kwenye Nikon hukaa mbali mno na sensa, na vitu vya mbali huwa ukungu isipokuwa pete iwe na kioo chake.

IJARIBIWE KABLA YA KUPOKELEWA

Kamera izimwe kwanza, alama zilinganishwe, kisha lenzi izungushwe taratibu. Ikikataa, isilazimishwe. Ikiingia, zipigwe picha za kitu cha karibu na cha mbali, zumu ikiwa fupi na ikiwa ndefu, na pembe za picha zikaguliwe kama zina giza. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Fedha za kununulia zana ni jasho la wananchi, na tukio halirudiwi ili lipigwe picha upya. Twawasihi basi wanaokabidhiwa vifaa, hata wawe wa cheo cha chini, wasiogope kusema kwa adabu: "Afande, lenzi hii si ya kamera yetu." Kusema hivyo ghalani si utovu wa nidhamu. Kunyamaza, kisha kufika mahakamani na picha isiyoonyesha kitu, ndiko kuidhulumu haki.